Gari Jeupe la Malinyi

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa kuvua mkanda. Nilikuwa nimefika karakana asubuhi na mapema, shati limepigwa pasi, na kichwani nimepanga majibu ya kila swali ambalo mtu angeweza kuniuliza kuhusu magari. Mkuu wa Karakana hakuniuliza hata moja. Alikuwa mzee wa Kipogoro kutoka upande wa Mahenge, mfupi, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha umsogelee. Nikamwamkia.

"Marahaba. Hilo bizimu la mkanda wako ni la chuma?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi vua. Utainama juu ya boneti kufuta kioo, bizimu litachora rangi, na kesi italetwa kwangu. Saa nayo vua. Na pete, kama unayo."

"Sijaoa, mzee."

"Hiyo ni habari njema kwa rangi."

Mafundi waliokuwa wamelala chini ya lori walicheka mpaka spana zikawadondoka. Nikafunga suruali kwa kipande cha shuka kuukuu, na kwa muda mrefu jina langu pale likawa Bwana Shuka.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Karakana yetu ilikuwa Ifakara, upande wa Kibaoni, mali ya shirika lililopeleka magari kwenye vituo vya afya vya bonde la Kilombero. Mimi nilikuwa kibarua wa kuosha. Sikuwa nimesomea chochote kinachohusu magari, na kwa kuwa niliijua hali yangu, niliogopa kila kitu. Niliogopa maji machafu, niliogopa kitambaa kilichoanguka chini hata kama nimeshakikung'uta, niliogopa kucha zangu mwenyewe. Nikimaliza gari nalizunguka, naondoka, nafika getini, narudi kulizunguka tena. Vijana mnaosoma haya msidhani nilikuwa hodari. Nilikuwa mtu mwenye wasiwasi aliyepata kazi inayolipia wasiwasi.

Nilijifundisha mwenyewe. Nyuma ya stoo kulikuwa na boneti ya gari lililokufa. Niliigawa kwa chaki vyumba vyumba, na kila chumba nikakijaribia kitu: petroli, mafuta ya taa, sabuni ya unga, sabuni ya kipande, oili chafu. Kisha nikaiacha juani na mvuani nione. Petroli iliifanya rangi kuwa kama chokaa. Sabuni ya unga iliifubaza taratibu, bila kelele. Oili chafu iling'aa siku ya kwanza, siku ya pili ikawa imeshika vumbi lote la Ifakara. Mafuta ya taa, yakiwa kidogo na yakioshwa haraka, hayakuleta madhara. Mkuu wa Karakana alinikuta nimechuchumaa mbele ya boneti ile kama mtu anayesoma.

"Inasemaje?" akauliza.

"Inasema tusitumie sabuni ya unga, mzee."

Akaenda zake. Kesho yake nikakuta stoo imeletewa sabuni ya kipande.

Sasa nieleze magari mapya yalivyokuwa yakija. Gari linaloshuka melini linakuwa limepakwa nta nzito ya manjano, ya kulikinga na chumvi ya baharini. Sisi tuliiita nta ya meli. Desturi ilikuwa kuiondoa Dar es Salaam, gari linang'arishwa huko huko, kisha linaletwa kwetu. Lakini kutoka Mikumi kushuka Kidatu na kuja Ifakara ilikuwa vumbi na kokoto, na msimu wa kuchoma miwa masizi yalikuwa yakianguka kama manyoya meusi. Masizi yale ukiyafuta makavu yanachora. Madereva waliyafuta makavu. Gari jipya lilikuwa linatufikia limeshazeeka.

Mkuu wa Karakana akapeleka hoja kwa Bwana Usafirishaji, aliyekuwa mkubwa wetu Morogoro: nta ya meli ibaki, gari lije nayo kama lilivyo, liandaliwe Ifakara. Bwana Usafirishaji alikuwa fundi wa zamani aliyepanda cheo, mtu mrefu asiyecheka hovyo. Alikuja mwenyewe.

"Nani ataliandaa?"

"Huyu," Mkuu wa Karakana akanionyesha kwa kidevu.

Akaniangalia, akaangalia kipande cha shuka kiunoni. "Huyu kibarua?"

"Huyu."

"Haya. Gari la kwanza ni la zahanati ya Malinyi. Nitalikagua huko huko Malinyi, siku ya makabidhiano. Likiwa safi, kazi hii itabaki hapa na kijana ataajiriwa. Nikikuta dosari, magari yote yarudi kuandaliwa Dar, na yeye atafute shughuli nyingine."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Gari lilikuwa jeupe, la wagonjwa. Nililiingiza kivulini, maana rangi yenye moto haishikwi. Nikaitoa nta ya meli kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mlango mmoja kwanza, kisha mwingine, nikiosha kila sehemu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande kabla sijagusa inayofuata. Niliosha kutoka paa kwenda chini, kwa sababu uchafu mkubwa unakaa chini na hupaswi kuupandisha. Nikakausha kwa ngozi laini. Kisha nikapaka nta ya kopo, tabaka jembamba, kwa mizunguko midogo, nikasubiri ipate ukungu mweupe, nikaifuta. Ukitaka kujua kama nta imeshika, nyunyiza maji: yatasimama vitone vitone kama shanga. Yalisimama. Nikamwita Mkuu wa Karakana aone. Akayaangalia, akanyunyiza na yeye, akasema, "Shanga zimepangika." Kwa mzee yule hiyo ilikuwa hotuba.

Dereva alikuwa Kasiani, mtu wa Mlabani, mnene, mwenye utani usioisha. Tuliondoka alfajiri ya siku yenyewe ya makabidhiano. Kwenye kivuko cha Kilombero nilishuka nikasimama ubavuni mwa gari, mikono nimeitanua, nikiwazuia wenye baiskeli na wenye matenga ya samaki wasiliegemee.

"Bwana Shuka," Kasiani akaniita kutoka dirishani, "hilo gari au mchumba?"

"Endesha tu, kaka."

"Nitaendeshaje tukiwa juu ya maji?"

Watu walicheka, mimi sikucheka. Tulipita Lupiro salama. Nilikuwa nimeanza kupumua tulipofika mwanzo wa Malinyi, nikaona barabara imejaa wanawake. Walikuwa na matawi mabichi mikononi, vigelegele vinapanda, na walikuja kulilaki gari kwa kulipiga boneti kwa matawi yale, kama wanavyolakiwa maharusi.

Niliruka nje kabla gari halijasimama. "Jamani! Mama zangu! Msilipige! Litachubuka!"

Nyimbo zikakatika. Mbele yao alikuwa Mama Skola, mwenyekiti wa akina mama wa pale, mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikihema.

"Marahaba. Wewe ndiye daktari?"

"Hapana, mama. Mimi ni mtu wa rangi."

"Mtu wa rangi!" Wakacheka wote. Yeye hakucheka. "Sikiliza, mwanangu. Masika iliyopita tulimbeba mke wa jirani yangu kwenye machela mpaka kivukoni. Mimi nilishika upande wa kichwa. Hakuvuka mto. Leo gari limekuja, unatuambia tusiliguse?"

Nilitazama matawi, nikatazama boneti, macho yakaanza kuniuma. Mama Skola akaniona.

"Ee! Analia kwa ajili ya bati huyu!" Sauti yake ikawa laini kidogo. "Haya, jamani, tusimuue mtoto wa watu. Tandikeni kanga. Matawi yakae juu ya kanga."

Lilikuwa wazo zuri kuliko lolote ambalo ningelitoa mimi. Kitambaa laini chini, matawi juu. Wakavua kanga walizojifunga mabegani, mpya, zimetolewa sandukuni kwa siku ile, nyekundu na nyeusi, wakaifunika boneti yote. Tukaenda mwendo wa miguu, nyimbo zimerudi, na mimi natembea ubavuni, mkono mmoja juu ya kanga, nafurahi kuliko wote.

Kisha mvua ikanyesha. Ilikuwa mvua ya bonde, isiyoanza kwa matone. Nikamkimbilia Mama Skola nikamwomba kanga zitolewe. Akasema gari halivuliwi nguo njiani, litavuliwa likifika. Boneti ilikuwa ya moto kwa injini, kanga mpya zimelowa juu yake, rangi ya kitambaa inachuja. Ilikuwa kama kupiga pasi. Nilitembea nikiwa nimefumba macho.

Tulipofika uani mwa zahanati wakazitoa. Boneti ilikuwa ya waridi.

Mwanamke mmoja akaweka mkono mdomoni. Mama Skola akauliza polepole, "Mtu wa rangi, inatoka?"

"Sijui, mama. Naomba maji."

Waliniletea ndoo kwa ndoo kutoka kisimani, zaidi ya nilizohitaji. Niliosha kwa sabuni ya kipande, nikarudia kwa tone la mafuta ya taa, nikaosha tena. Waridi ikaachia. Ilikuwa imekaa juu ya nta, haikuingia kwenye rangi, na nilivyofuta iliondoka pamoja na nta yenyewe, na chini yake weupe ulikuwa vilevile. Wakapiga vigelegele upya. Kasiani akanipiga mgongoni nusura nidondokee ndoo.

Ila ukingoni mwa boneti haikutoka. Upande wa kushoto, karibu na taa, kulibaki mstari wa waridi mwembamba kama uzi, urefu wa kiganja. Nikajua mara moja kwa nini. Nilipopaka nta niliacha upana wa kidole kando ya ukingo wote, kwa sababu nta ikiingia kwenye ule mwanya wa kati ya boneti na bodi hukauka na kuacha mstari mweupe mbaya, na mimi sikutaka mtu aone mstari mweupe. Nilipaogopa pale, nikapaacha uchi.

"Una kompaundi?" Kasiani akanong'ona. Kompaundi ni dawa ya kusugulia, ina chenga laini kama unga wa msasa.

"Ninayo kwenye mfuko."

"Sasa unangoja nini? Sugua, mstari umetoka. Bwana mkubwa yuko njiani."

Nikaitoa. Nikaweka kidogo kwenye kitambaa. Mkono ulikuwa umeshafika ukingoni. Lakini ukingoni rangi ni nyembamba kuliko mahali popote kwenye gari. Inapopulizwa, hutiririka na kupakimbia. Kusugua pale ni kufika kwenye bati. Siku ile pangekuwa peupe, na hakuna ambaye angejua. Kisha ingekuja masika, tope la mbugani, umande wa kila siku, na kutu ingeanzia hapo na kula kuelekea ndani. Gari lile wangebaki nalo Mama Skola na wenzake. Mimi ningekuwa nimeajiriwa, Ifakara.

"Siwezi, kaka."

"Utafukuzwa."

"Najua."

Nikafuta kompaundi kwenye kitambaa, nikakikunja, nikakaa kwenye ngazi za zahanati. Mama Skola akaja kukaa karibu, kanga yake iliyolowa imekunjwa mapajani.

Bwana Usafirishaji alifika alasiri, viatu vimejaa tope. Alilizunguka gari mara moja kwa haraka, kisha mara ya pili taratibu. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye milango, chini ya vioo, kwenye bawaba. Alipofika karibu na taa ya kushoto akasimama.

"Hii nini?"

"Ni kanga, bwana mkubwa. Ilichuja kwenye mvua."

"Mbona kwingine haipo?"

"Kwingine kulikuwa na nta. Nta yangu iliishia hapo."

"Huna kompaundi?"

"Ninayo."

"Kwa nini hukusugua kabla sijaja?"

"Ni ukingoni, bwana mkubwa. Ningefika kwenye bati."

Akainama tena, akaweka kidole gumba juu ya mstari, akakiacha hapo. Nyuma yangu nilimsikia Mama Skola akisema, "Kosa ni letu, baba. Sisi ndio tuliolivisha."

"Sijauliza la nani, mama," akamjibu kwa heshima. Akasimama, akajipangusa magoti, akanigeukia.

"Safari ijayo nta ifike mpaka mwisho. Huo mstari mweupe utautoa kwa kijiti cha mwanzi na kitambaa."

"Safari ipi, bwana mkubwa?"

"Mawili mengine yako bandarini. Mwambie Mkuu wako ajiandae."

Kisha akaenda kusalimiana na wazee waliokuwa wakimsubiri, na makabidhiano yakaanza.

Niliajiriwa. Baadaye nilihamishiwa Mahenge, nikapelekwa Morogoro kusimamia karakana kubwa, na miaka ya mwisho nikarudi Ifakara. Mkuu wa Karakana alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, wengine wapole, wengine wa kelele, na wasiwasi wangu sikuwahi kupona. Nilijifunza tu kuutuma mahali unapohitajika. Siku hizi naona vijana wanaosha kwa mashine za kusukuma maji, gari zima kwa kufumba na kufumbua, povu la sabuni ya unga limejaa mpaka barabarani. Siwagombezi. Nikipita naangalia ukingo wa boneti tu, halafu naendelea na safari.

Wiki niliyostaafu nilivuka kwenda Malinyi. Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa nyuma ya zahanati, halitembei tena, viti vimechanika, mlango mmoja umebonyea. Nililiendea upande wa kushoto. Waridi ilikuwa imefifia, inaonekana kwa anayejua pa kuangalia. Nikapitisha kidole gumba ukingoni, kutoka taa mpaka kioo. Hapakuwa na kutu.