Gunia la Dagaa Chini ya Kichwa

Sisi tuliokua kabla simu haijaingia mfukoni tulikuwa watu wa maswali, na mimi nilizidi. Pale Musoma mama aliniita Bwana Kwanini. Kwa nini dagaa wanaanikwa mchangani halafu tunakatazwa kula mchanga? Kwa nini mwalimu wa zamu anatembea na fimbo mbili wakati anachapa kwa mkono mmoja? Siku moja nilimuuliza mama, mikono yake imejaa unga wa muhogo, kwa nini jua halizimiki linapozama ziwani. Akanitazama weee, kisha akaniambia nichukue ndoo nikachote maji, nikifika niliulize jua lenyewe. Na nilikwenda, jamani, nikakaa huko mpaka akaja kunifuata.

Nayasema haya kwa sababu ya binti yangu, Neema. Ana miaka kumi na saba, amezaliwa hapahapa Minnesota, tunaishi Brooklyn Park, na kwa miaka miwili hakuwa ameniuliza swali hata moja, ukiacha lile la funguo za gari ziko wapi. Akitaka kujua kitu anaiuliza simu. Simlaumu peke yake. Mimi nauguza wazee, nachukua shifti mbili kwa siku, nikirudi nyumbani nasinzia na viatu mguuni. Lakini iliniuma. Mwakani anakwenda chuo, na nilikuwa najiambia kwamba mtoto huyu ataondoka bila kujua baba yake katokea wapi, na bila hata kutaka kujua.

Basi majira haya ya joto aliposema anataka kwenda Ziwa Superior, aendeshe baiskeli kando ya ziwa na alale kwenye hema, niliomba ruhusa kazini nikamwambia tunakwenda wote. Alinitazama kama nimesema naenda mwezini. Enzi zetu mtu aliyefunga mizigo kwenye baiskeli akalala njiani hakuwa mtalii, alikuwa amekosa nauli. Siku hizi kuna vijimkoba vya kufunga kwenye usukani, chini ya kiti, katikati ya fremu, kila kimoja na zipu yake, ili mtu akateseke kwa mpangilio. Mimi niliazima baiskeli ya mwenzangu wa kazini, nikafunga sufuria, unga na kifuko cha dagaa kutoka duka la Waafrika.

Tuliendesha gari asubuhi mpaka kaskazini, tukashusha baiskeli, tukaanza safari. Neema alidhani sitaweza. Hakujua kwamba mimi nilijifunza kwenye baiskeli ya baba, nyeusi, ndefu kuliko mimi. Ukiikalia miguu haifiki, kwa hiyo ulipitisha mguu mmoja katikati ya fremu, chini ya bomba la juu, ukaendesha umejipinda upande mzima. Magoti yangu yana alama mpaka leo. Yeye alijifunza kwenye yenye magurudumu manne, kofia ngumu kichwani, mama yake anakimbia pembeni na plasta mkononi.

Lile ziwa lilinirudisha utotoni bila hodi. Maji mpaka macho yanachoka, na ng'ambo huioni. Nilisimama kila baada ya mwendo mfupi. Nikaonja maji, baridi yake ikanipanda mpaka kwenye meno. Mbona haya maji hayanuki samaki? Mbona hakuna hata mama mmoja anayefua? Haya mawe mekundu nani kayalainisha hivi? Nilikuwa najiuliza kwa sauti, nikitumaini mtu atadakia. Neema alikuwa na vidude vyake masikioni. Alinisubiri kwa adabu, kisha akaniambia kwa Kiingereza kwamba kwa mwendo huu tutafika kesho.

Alasiri tukafika kambini. Tukasimamisha hema, nikasonga ugali, nikakaanga dagaa kidogo kwa nyanya. Tulikula kwa mikono tukitazama mawimbi, na yeye alilamba vidole, ingawa nyumbani husema dagaa wananuka. Dagaa wakavu waliobaki nikawafunga vizuri, nikawaviringisha ndani ya koti, nikaliweka hemani pale nitakapolaza kichwa. Kando ya eneo letu palikuwa na sanduku kubwa la chuma. Nilidhani ni la taka.

Jua likiwa bado juu, kijibwa cha mzee mmoja Mzungu, jirani yetu pale kambini, kikaja mbio mpaka kwenye hema letu, kikatia pua mlangoni na kugoma kuondoka. Mwenyewe akaja anaomba radhi. Akanusa. Akaniuliza kwa upole chakula chetu tumekiweka wapi. Nilipomwonyesha, akanieleza taratibu kwamba huku kuna dubu, na dubu ananusa samaki kutoka mbali sana. Chakula chote kinafungiwa kwenye sanduku la chuma. Picha ya dubu ilikuwepo pale getini, kubwa tu. Mimi nilidhani ni pambo.

Neema akalivuta lile koti, akalifungua, akawakuta dagaa. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akajifuta macho, akaniuliza kwa Kiingereza, hivi ni mtu gani duniani anayelalia samaki, na kwa nini?

Lilikuwa swali. Sikulijibu haraka, niliogopa kuliharibu.

Nikamsimulia. Nilikuwa na miaka tisa, baba yangu, fundi seremala, ananipeleka Majita kwa shangazi. Gunia la dagaa liko nyuma kwenye keria, limefungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu, mimi nimekaa mbele kwenye bomba, makalio yanawaka moto. Katikati ya njia tairi likapasuka. Baba akaziba, likapasuka tena. Jua likaanza kuzama, tukabaki pale ufukweni, tukachoma muhogo, tukaula na chumvi. Baba akaniwekea gunia chini ya kichwa. Akasema dagaa wakiwa hapo, mwizi lazima akuamshe kwanza.

Kwa kuwa nilikuwa Bwana Kwanini, nikamuuliza ng'ambo ya ziwa kuna nini. Mnawajua wazee wetu, hawakukosa jibu, hata la uongo. Lakini siku ile baba aliyatazama maji kwa muda mrefu, akaniambia, "Sijui. Ukifika, utaniambia."

Neema alikuwa ameshatoa vile vidude masikioni.

"Ulienda?" akaniuliza, kwa Kiswahili.

Nikamwambia ukweli. Nimefika Dar, nimevuka bahari, nimefika Minnesota, ila ng'ambo ile sijafika. Na nyumbani kwenyewe sijakanyaga miaka kumi na mmoja. Kila mwaka nasema mwakani.

Akayatafuta maneno ya Kiswahili.

"Kwa hiyo Babu bado anangoja?"

Machozi yalinitoka mbele ya mtoto, na yule mzee wa mbwa, aliyekuwa bado pale, akajifanya anatazama boti ziwani.

Asubuhi, maji ya chai yakiwa jikoni, Neema ndiye aliyempigia Babu simu, akaweka spika. Huko Musoma ilikuwa alasiri. Akaamkia shikamoo, halafu akasema moja kwa moja, bila hata kuuliza hali, kwamba Baba hajafika ng'ambo, lakini mwakani kabla ya chuo watakwenda wote wawili, wapande meli. Baba yangu ana miaka zaidi ya themanini, masikio yameanza kuchoka, nikadhani hakusikia.

"Mwambie Bwana Kwanini nipo," akasema. "Lakini asichelewe."

Enzi zetu hatukuwa na ramani ya kugusa kwa kidole. Tulitazama maji, tukabaki na hamu yetu, tukalala nayo. Watoto wa sasa wangeiona ng'ambo kwa sekunde mbili, na picha zake, na nyota ilizopewa na wageni. Neema alikuwa na simu mkononi asubuhi ile, na mtandao ulikuwepo. Aliitia kwenye kijimkoba, akafunga zipu.

Tulipakia mizigo tukarudi tulikotoka. Njia nzima aliniuliza. Shangazi wa Majita aliitwa nani, baiskeli ya Babu iko wapi sasa, mwalimu wa fimbo mbili alikuwa anafundisha nini, kwa nini niliondoka. Nilimjibu mpaka pumzi ikaniishia mlimani. Na kila swali liliponishinda nilimwambia sijui, kama nilivyoambiwa mimi.