Pini za Kichwa cha Njano

Miaka tisa Mama Pini alimsema mdogo wa mumewe kwa kila mteja aliyekaa kusubiri nguo. Jina hilo alilipata kwa kushona huku pini zimemjaa mdomoni. Alizitoa pale tu alipotaka kusema mtu.

"Fundi wa mabomba ya choo anatia mkono kwenye injini," alikuwa akisema. "Kwani yeye akiumwa jino huenda kwa seremala?"

Kisa chenyewe kilikuwa gari la mumewe, kigari kidogo cha kusambazia mikate, chenye turbo, kile kifeni cha chuma kinachoisukumia injini hewa. Boksi la chujio la hewa lilipasuka, jipya halikupatikana, na barabara ni vumbi tupu. Shemeji akasema, "Kaka, tutatengeneza wenyewe." Akakata bomba la alumini, akalikunja, akalisugua ndani kwa msasa, akalisuuza mara tatu. Kwenye mdomo wa bomba akafunga kikapu cha waya. Kikabaki kitambaa na sponji vya kukivika kile kikapu, ndipo akaenda kwa mke wa kaka yake mwenye cherehani.

"Mshono uwe safi hasa kwa ndani, shemeji. Hewa huko inavutwa kama titi na mtoto mwenye njaa."

"Nifundishe na kutunga uzi basi."

Akashona. Siku ya nne gari likapiga mluzi, likakohoa, likazima na mikate yake. Turbo ilipofunguliwa, mapanga yalikuwa yamemeguka. Chuma kimeingia. Chuma gani? Mama Pini hakungoja mtu afikiri.

"Chenga za bomba lake. Hakusafisha."

Mume akaamini, maana maneno ya kitandani hayana mpinzani. Gari likauzwa chakavu, mikate ikarudi kwenye baiskeli, na ndugu wawili wa tumbo moja wakawa wanasalimiana kwa kidevu.

Mwaka wa tisa mama mkwe akamtuma. "Mdogo wa mumeo anahama. Kaniletee kigoda changu." Kwa mkwe hakuna ubishi, akaenda.

Kigoda kilikuwa stoo kwa shemeji. Juu yake, kwenye msumari, lilining'inia lile bomba na chujio lake. Mama Pini akasonya, akaingiza mkono kwenye chujio auguse ubovu wa kazi ya mtu. Pini ikamchoma.

Akakaa kwenye kigoda, akalifunua chujio. Pini ya kichwa cha njano, imeliwa na kutu, imekwama kwenye mshono wa ndani. Kando yake matundu mawili ya pini nyingine ambayo haipo. Siku zote alibana mbili mbili. Na siku ile, alikumbuka vizuri, pini alizitoa mdomoni akaziweka mezani bila kuhesabu, apate kumsimulia mteja jinsi fundi wa vyoo anavyojifanya mtu wa magari.

Shemeji akaingia na kamba mkononi. Akaona kilichoshikwa.

"Ulijua?" Mama Pini akauliza.

"Siku ile ile. Nilikuta kichwa cha njano ndani ya bomba."

"Mbona ukanyamaza, shemeji?"

"Hasira ya kaka ilikuwa lazima imwangukie mtu mmoja. Mimi nina kwangu. Wewe unalala kwake."

Kama angemtukana, Mama Pini angejua pa kujibia. Alitoka na kigoda kichwani na bomba kwapani, na kila aliyemsalimia njiani alimwona kama anajua. Kwenye mtaro wa maji machafu akasimama. Pini moja tu, kuichomoa na kuitupa, nani angeuliza? Vidole vilishaishika. Akaviondoa, na aibu ikamzidi kwa kuwa alivipeleka.

Mumewe alikuwa anakunywa chai. Mama Pini akaliweka bomba mbele ya kikombe.

"Gusa ndani. Taratibu."

Mume akagusa. Akaichomoa pini, akaigeuza dirishani.

"Ni yangu," Mama Pini akasema. "Na iliyoingia kwenye turbo ilikuwa yangu."

Mume akasukuma kikombe kando. Kisha akavaa viatu. Mama Pini naye akaanza kutafuta kandambili zake.

"Wewe baki," mume akasema. "Kwa ndugu yangu nakwenda mimi. Hao uliowaambia miaka tisa, waambie wewe."

Akabaki. Wa kwanza kuja alikuwa mwenye suruali ya kupunguzwa kiuno. Akakaa, akachangamka. "Mama Pini, na yule fundi wako wa vyoo, vipi?"

Mama Pini akatema pini kiganjani moja moja, akazihesabu, akaziweka kwenye kopo.

"Kaa vizuri," akasema. "Lile gari nililiua mimi."