Zizi la Maji ya Chumvi

Mpaka leo ukiniuliza tangi la maji ya bahari libebe samaki wangapi, nitakujibu sijui, na usinikazie macho. Fundi wa Dar es Salaam aliyekuja kulifunga hapa kwangu Dodoma alisema watano, sita nikitaka ujeuri. Mtandaoni mmoja anasema pima urefu wa samaki, mwingine anasema pima kinyesi chake. Jamani, kinyesi cha samaki unakipimaje?

Tangi lenyewe sikulitafuta. Jirani yangu alihamishiwa nje ya nchi akaniachia lote: kioo kirefu, mawe yenye matumbawe, pampu, na magunia ya chumvi ya kukorogea maji. Nilikubali kwa sababu ya baba.

Baba ni mfugaji wa kijijini Haneti. Ukame ulimmalizia ng'ombe wote, nikamchukua aje akae nami mjini. Akawa anakaa sebuleni anatazama ukuta, hasemi, hali. Ukimwambia, "Baba, kula basi," anajibu, "Nimeshiba," na chakula hajakigusa. Niliogopa sana. Nilimwona ananifia pale kitini, wala si kwa ugonjwa, kwa kukosa cha kuchunga tu.

Samaki walipoingia, akasogeza kiti. Kesho yake akauliza yule wa bluu ni dume au jike. Mungu wangu, nusura nilie! Akaanza kula, akaanza kuwaita kwa majina ya ng'ombe wake, kila mmoja kwa rangi yake. Ila alikuwa na lalamiko: ni wachache mno.

"Mwanangu, mtu na akili zake anajenga zizi kubwa namna hii halafu anaweka watano? Wageni wakija watasema nini?"

Nikamweleza kwamba wakizidi maji yanachafuka, wanakufa wote. Akanitazama kwa huruma. Kwake wingi ndio kinga: balaa likipita, wachache watabaki. Nikabisha kidogo, kisha nikamwagizia wengine. Ndiyo, najua. Na wewe ungemwona anavyotabasamu, ungemnunulia nyangumi.

Haukupita muda maji yakaingia ukungu, tumbawe moja likapauka, samaki wakawa wanahema juu juu. Nikampigia fundi, akafoka: "Dada, punguza hao viumbe leo hii!" Punguza! Nampunguziaje mtu aliyepoteza zizi zima? Nilihangaika na ndoo za maji mapya mpaka kichwa kikavuma, mwisho nikamwambia baba ukweli: wapungue, la sivyo wataisha. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akasema tu, "Niachie mimi." Nikaenda kazini.

Niliporudi, wale wawili wa rangi ya machungwa, vipenzi vyake, hawapo.

"Baba, wako wapi?"

"Nimemkabidhi rafiki yangu."

Rafiki yake ni mzee wa mtaa wa nyuma, wanasali pamoja, naye alikuwa mfugaji. Na kwetu Wagogo mwenye ng'ombe hawaweki wote zizini kwake. Wengine, tena wazuri, anamkabidhi rafiki. Rafiki anawatunza na kunywa maziwa, na undugu unakaa hapo. Janga likija huku, kule wamebaki. Asiye na cha kumkabidhi mwenzake, huyo hata kikaoni hasikilizwi.

"Kawaweka wapi?"

"Kwenye beseni. Maji ya kisima."

"Baba! Hawa ni wa maji ya chumvi!"

"Na ya kisimani yana nini? Si wewe unayelalamika kila siku chai ina chumvi?"

Hapo kasema kweli. Maji ya Dodoma yana chumvi, hata sufuria zangu ni mashahidi. Lakini siyo chumvi ile! Nikatoka mbio, na getini nikakutana na mzee mwenyewe, amevaa koti la kanisani, mkononi ana sahani iliyofunikwa kitambaa.

"Mbukwenyi," akasalimu kwa Kigogo. Nikamwamkia shikamoo, nikampisha.

Akakaa karibu na baba, akafunua sahani. Samaki wote wawili walikuwa wamelala hapo. Kwetu ng'ombe uliyekabidhiwa akifa, unapeleka ngozi na nyama, mwenye mali aone kwamba hukumla kwa siri. Samaki hana ngozi ya kuwamba, basi mzee kawaleta kama walivyo. Akaeleza walivyopinduka, mmoja akaanza na mwenzake akafuata, akaeleza kila kitu. Mimi nilitaka kucheka, kulia na kufoka, vyote kwa pamoja, sikujua nianze na kipi.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho, mgongo umenyooka. Tangu ng'ombe waishe sikuwa nimemwona akikaa hivyo.

"Kifo ni kifo," akasema. "Hukunikosea." Kisha akanigeukia, na sauti ilikuwa ile ya Haneti, ya mwenye boma. "Mwanangu, mpe rafiki yangu mwingine. Mpe yule wa bluu."

Ndio utaratibu: aliyefiwa na mnyama bila kosa lake hupewa mwingine, ili urafiki usife naye. Nilimtazama baba usoni. Ametoka kusikia sasa hivi walivyokufa! Anajua? Hajui? Sikuweza kusoma kitu. Mzee wa watu alikuwa ameinamia sahani yake. Nikisema neno moja kuhusu chumvi mbele ya mgeni, nitakuwa nimemwambia baba kwamba hana mifugo, hana cha kumkabidhi mtu, na atarudi kutazama ukuta. Nikinyamaza, namuua samaki kwa mikono yangu. Hata nikimtoa na maji ya tangini, bila pampu hatafika mbali. Nilitafuta njia nyingine pale, wallahi sikuiona, na sijaiona hadi leo.

Nikachukua wavu. Yule wa bluu akapanda juu mwenyewe, akidhani namlisha. Nikamtia kwenye ndoo pamoja na maji yake, nikampa mgeni kwa mikono miwili. Baba akamsindikiza mpaka getini, taratibu, akimwelekeza namna ya kumtunza.