Ubishi wa Asubuhi kwa Jaduong' Maranga

Mzee wangu, Jaduong' Maranga, hamezi dawa hivi hivi. Lazima kwanza tugombane.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea hapa Awendo. Asubuhi, kabla sijafungua kibanda changu cha mboga sokoni, napita kwake nimtazame akimeza vidonge vya kifua kikuu. Enzi za nguvu zake alikuwa dereva wa trekta la miwa. Mkewe alishatangulia, sasa anatunzwa na mke wa mwanawe, Dorine. Nikifika, redio inasoma taarifa ya saa moja, na mzee ananisubiri na hoja zake tayari.

"Nyar Kisii, umesikia?" ndiyo salamu yake. Mimi binti wa Kisii nina jina, Nyaboke, lakini halitumii.

Redio ikisifu bima mpya ya afya, mimi nasema hao wanaosifu waje wapange foleni na wagonjwa wangu. Yeye anasema nina haraka, mtoto hazaliwi na meno. Lakini ugomvi wetu mkubwa ulikuwa Raila, kiongozi wa upinzani, ambaye yeye, kama watu wengi wa huku, alimwita Baba. Vijana walipigwa risasi na polisi kwenye maandamano, na mwaka uliofuata Baba akatia saini mkataba na serikali ile ile. Hilo lilinikaa kooni. Nikilitaja tu, mzee hutetemeka kwa hasira, hugonga mkono wa kiti, kisha huomba maji ili apate sauti ya kunijibu. Vidonge hushuka vyote. Tulifika mwezi wa nne wa dawa namna hiyo, na kikohozi kikapungua mpaka Dorine akaanza kulalamika kwamba mzee anamaliza ugali.

Siku moja tu kwa wiki tulinyamaza. Mimi ni Msabato. Jumamosi nampitia nikiwa na gauni la kanisa. Dawa nampa, maana kumtunza mgonjwa si dhambi, lakini siasa hapana. Yeye ni Mkatoliki, ila aliiheshimu Sabato yangu kuliko baadhi ya waumini wenzangu. Akinisikia langoni, huzima redio.

Kisha ikaja ile Jumatano ya Oktoba, Baba akafia India.

Alhamisi nilikuta redio imezimwa na mzee ameugeukia ukuta. Barabarani watu walikuwa wakipita na matawi mabichi mikononi, wakilia. Nilikaa kando ya kitanda, nikamshika mkono, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba Baba alikuwa mtu mkubwa. Nilimaanisha. Nami nilikuwa nimelia. Kumkasirikia mtu hakukuzuii kumlilia.

Akanigeukia.

"Baba alikuwa na madaktari wa kila aina," akasema. "Mimi niko na wewe na kikombe cha maji. Wacha tu, nyathina, mwanangu."

Hakumeza. Ijumaa nilimletea uji wa wimbi, nikambembeleza zaidi ya jana. Hakumeza. Dawa hizi nazijua: ukiziacha katikati, ugonjwa hurudi ukiwa sugu, na mwili wa mzee yule haungeustahimili tena. Nikiwa mlangoni naondoka, nikamsikia akimwambia Dorine, "Hata Nyar Kisii ananionea huruma. Ukiona Mkisii anakuonea huruma, jua kaburi lako limeshapimwa."

Dorine alicheka huku akilia. Mimi sikucheka. Nilimkumbuka babangu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kubishana nami hata mara moja, kwa sababu maoni ya msichana kwake hayakuwa kitu cha kujibiwa. Maranga ndiye mwanamume wa kwanza kunikasirikia kwa heshima.

Jumamosi majirani walikuwa wameenda Kisumu kumuaga Baba. Nilisimama chumbani kwa mzee na gauni langu jeupe, Biblia kwapani. Hata siku ya Sabato, ng'ombe aliyetumbukia shimoni hutolewa. Nikawasha redio, nikaongeza sauti.

"Baba alikosea," nikasema.

Akavuta blanketi juu ya kichwa.

"Alikosea kutia saini. Amekufa, na bado alikosea."

Blanketi likasogea. "Nyar Kisii. Leo ni Sabato."

"Najua."

"Unamtukana marehemu hata hajazikwa! Na siku ya Bwana!"

"Sijamtukana mtu. Nimesema alikosea. Kama nimedanganya, si unijibu? Ama huna jibu?"

Akaketi. Siku mbili alikuwa amelala kama gogo, sasa akaketi, miguu chini, macho yamewaka.

"Nyumba ikishika moto," akaanza, "wewe utauliza kwanza nani aliwasha, ama utaingia utoe watoto? Baba aliingia! Baba ali—"

Kikohozi kikamkata. Akanyoosha mkono kuomba maji. Nikampa kikombe, na kwenye kiganja kingine nikamwekea vidonge. Akavirusha kinywani bila kuvitazama, akameza kimoja kimoja, macho yake hayajaniachilia. Nampenda mzee huyu, na sijawahi kumwambia.

Alipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Dorine! Mletee huyu kiti. Leo haendi kanisani mpaka anisikie."

Nikaweka Biblia mapajani, nikakaa.