Rubeni Aliyemjua Mkwewe kwa Miguu

Rubeni wa Nkende, kule Tarime, hakuwa mchungaji, wala mwinjilisti wa kuajiriwa, wala hata mzee wa kanisa. Alikuwa mkulima wa mihogo na mtama, mwenye Biblia, baiskeli, na sauti iliyowatosha watu watatu. Kila mwaka baada ya mavuno alimpakia mkewe Nyangi kwenye keria, akafunga blanketi kwenye usukani, na hao wakashika njia kwenda kuwahubiria watu wasiowajua. Wasiowajua, ndiyo. Watu wa Nkende walikwisha kumsikia hadi basi, na baadhi yao wakimwona anakuja walikumbuka ghafla kwamba ng'ombe wao hawajanyweshwa.

Hakuchagua mtu. Alimhubiria karani wa mnada katikati ya mnada. Alimhubiria mgambo aliyemsimamisha kumdai barua ya mwenyekiti wa kijiji, mpaka mgambo mwenyewe akamsihi aendelee na safari. Wakati mmoja alimhubiria mtu chini ya mti kwa muda mrefu, kwa machozi, kabla Nyangi hajamvuta shati na kumwonyesha kwamba yule mtu amelala. Duniani kote palikuwa na mtu mmoja tu ambaye Rubeni hakuwahi kumfungulia Biblia, naye alikuwa mama mzazi wa Nyangi.

Msimlaumu upesi. Kwa Wakurya, mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukwepana. Haingii nyumbani kwake, hali mbele yake, hamtazami usoni. Wakikutana njiani mmoja wao huingia kichakani, na kichaka hicho humfaa zaidi mwanamume. Salamu hupitia kwa mtu wa tatu. Rubeni alikuwa amekaa na Nyangi mpaka binti yao Mogesi alikuwa mkubwa wa kuachiwa nyumba, na bado sura ya mkwewe hakuijua. Alichojua ni miguu, kwa sababu mtu akiinamisha macho kwa heshima, ni lazima macho yatue mahali. Miguu ile aliijua barabara: bangili ya shaba kwenye kifundo cha kushoto, na kidole gumba kisicho na ukucha, kilichokatwa na jembe zamani.

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda cha Nyangi. Mama yake, bibi Ghati, alikuwa anazeeka bila kuokoka. Nyangi alijaribu kumweleza mwenyewe, na mama akamjibu, "Nimekuzaa, nimekufundisha kutembea, leo uje unifundishe kusali?" Mazungumzo yakaishia hapo, na mwaka uliofuata yakaishia hapo hapo.

"Baba Mogesi," Nyangi alisema jioni moja wakipukuchua mahindi, "unawahubiria mpaka wenye maduka wa Sirari. Mama yangu atakufa bila kusikia?"

"Mama Mogesi, ile ni mila. Mimi nifanyeje?"

"Mila ya pombe uliiacha. Ya matambiko uliiacha mbele ya baba yako na wajomba zako wote."

"Hii ni heshima."

"Hii ni woga," alisema Nyangi, akanyamaza. Na Nyangi akinyamaza nyumba nzima ilikuwa baridi, hata uji haukunyweka.

Huo ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji. Bibi Ghati na jamaa zake walikuwa wametolewa kwenye vilima vya upande wa Kerende, wakapakiwa kwenye lori na mitungi yao na kuku wao, wakapelekwa Serengeti kuanza kijiji cha ujamaa. Habari zilizofika Nkende zilisema wako huko Issenye. Basi ulipofika wakati wa safari, Nyangi hakumwuliza mumewe wanaelekea wapi. Alipanda kwenye keria, akashika kiti, akasema, "Issenye."

Rubeni alikanyaga pedeli akiwa na mpango wake kichwani. Angehubiri njia nzima, angefika Issenye, angekaa mbali na nyumba, ikiwezekana kijiji cha pili, halafu Nyangi angeingia kwa mama yake akafanye atakaloweza. Mpango ulimpendeza sana, kwa kuwa haukumdai chochote.

Kerende walimkuta mzee Kisyeri akitengeneza zizi, Rubeni akamweleza habari za mji wa mbinguni ambao njia zake ni dhahabu. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Dhahabu hata hapa kwetu ipo," alisema, "na bado tunalala njaa. Ng'ombe je, huko wapo?"

Rubeni alianza kupekua Biblia. Alipekua mbele, akapekua nyuma. Nyangi akasema, "Kama wapo, mzee, watahitaji mtu anayejua kuchunga. Tutamtoa wapi, na ninyi hamtaki kwenda?" Mzee Kisyeri alicheka mpaka akaangusha mti aliokuwa ameushika, akawapa maziwa ya mgando. Rubeni alisema baadaye kwamba lile jibu lilikuwa mdomoni mwake pia, ila lilichelewa.

Wakavuka Mto Mara, wakafika Mugumu tairi la nyuma limechoka. Fundi wa baiskeli pale alikuwa mzee Maftah, Mwislamu mwenye kofia safi na mikono myeusi kwa grisi. Rubeni alimhubiria wakati anabandika kiraka, na mzee Maftah hakukasirika hata kidogo, alimwagizia chai. Alipomaliza kubandika akauliza, "Ndugu yangu, umetoka Tarime kote huko mpaka kunifikia mimi. Nyumbani kwenu wote wameshasikia?"

Nyangi akatazama pembeni. Rubeni akauliza kama hicho kiraka kitafika Issenye.

"Kitafika ukikipunguzia mzigo," alisema mzee Maftah. "Milimani ushuke, usukume." Rubeni hakushuka milimani.

Kwa hiyo tairi lilipasuka saa sita mchana, kwenye kijiji kipya kilichokuwa bado hakijakubaliana hata jina. Nyumba zilikuwa zimepangwa mstari mmoja kama watoto wa shule, zote za miti na udongo mbichi, zote zinafanana, zote milango imeelekea barabarani. Hapakuwa na ua wala kichaka cha kujificha mtu. Nyangi alichukua kibuyu akaenda kuuliza mto uko wapi, kwa sababu bila maji huwezi kuona tundu la mpira linapotoa hewa. Rubeni akaenda nyumba ya karibu kuazima karai.

"Hodi!"

"Karibu," ilijibu sauti ya bibi ndani. Halafu, baada ya kitambo, sauti ile ile ikasema, "Aa!" Lakini Rubeni alikuwa ameshaingia, ameshavuta kigoda, ameshakaa. Yeye alikuwa mtu wa kukaribia.

Ndani mlikuwa na giza na moshi. Alichokiona ni bibi kizee karibu na moto, amejivutia kaniki mpaka juu ya kichwa, uso wote ndani, na miguu ameikunja chini ya nguo haionekani. Rubeni alidhani ni haya, au macho yanamuuma kwa moshi. Msomaji ana akili na ameshaona mambo yanakoelekea. Rubeni hakuona.

"Shikamoo, mama."

Bibi alitoa mguno mdogo. Rubeni akauchukua kuwa marahaba. Karai alilisahau pale pale, maana mbele yake palikuwa na mtu ambaye hana njia ya kutoka bila kumruka yeye. Akahamia Kikurya, akaanza.

Siku hiyo alihubiri vizuri, sijui ni kwa sababu ya njaa au kwa sababu Nyangi hakuwapo kumvuta shati. Bibi hakusema neno. Ila mara moja alisogeza kibuyu cha uji kwa mkono uliofunikwa na nguo, Rubeni akanywa wote bila kusita, akaendelea. Kisha akafika mahali ambapo mhubiri hutafuta mfano.

"Moyo mgumu, mama, ni kitu kibaya. Mimi nina mama mkwe. Yule ana moyo kama jiwe la kusagia! Binti yake akimweleza, anamfukuza. Ukimwimbia, anasonga ugali kwa kelele. Nimesikia wachungaji wawili walikimbia kwake."

Ile kaniki ilitikisika. Rubeni akaona neno limeingia, akaongeza sauti, lakini sauti ikamgeukia. Alikuwa na tabia hiyo; alianza kuwapiga watu kwa maneno, akaishia kujipiga mwenyewe.

"Na mimi namwogopa," alisema. "Kila jioni nyumbani tunamtaja kwa jina mbele za Mungu, mimi na mke wangu. Nawahubiria watu wote, yeye sijawahi kumwambia hata asante. Nilipokataa pombe kwenye harusi yangu, wazee wao walisema, huyu si mwanamume, binti arudishwe nyumbani. Yeye peke yake alisimama nyuma ya nyumba akasema, 'Mwacheni. Asiyelewa hatampiga mwanangu.' Nikamsikia. Sijampiga, mama, hata siku moja. Na hilo pia sijaweza kumwambia, nimefungwa mdomo. Sasa naogopa mbingu. Mke wangu atafika kule, ataangalia huku, ataangalia huku, anamtafuta mama yake. Halafu atanigeukia mimi. Nitamwambia nini?"

Machozi yalikuwa yanamtoka kweli. Alijifuta kwa mkono wa shati.

"Tusali," alisema.

Hapa lazima niseme kasoro moja ya Rubeni. Wakati wa sala hakufumba macho yote mawili. Moja alilifumba kwa ajili ya Mungu, na la pili aliliachia tundu dogo, apate kuona kama watu wamefumba ya kwao. Bibi naye, kwa kuamini kwamba mgeni amefumba, na kwa kuwa magoti yalimuuma kwa kukunjwa muda wote ule, alinyoosha miguu polepole kuelekea motoni.

Kwanza ikatoka bangili ya shaba. Kisha kikatoka kidole gumba kisicho na ukucha.

Rubeni alikuwa amefika kwenye "Baba yetu wa mbinguni, tunakuja mbele zako." Neno lililofuata halijulikani mpaka leo. Aliruka na kigoda, akagonga paji la uso kwenye boriti ya mlango, akakanyaga beseni la mahindi, kuku wakatawanyika, na alipofika nje hakupata kichaka. Alizunguka ubavuni mwa nyumba akajibana nyuma ya kihenge cha mtama, mgongo ameugeuzia ukuta, mikono kichwani. Alikuwa ameingia kwa mama mkwe. Alikuwa amekula mbele yake. Alikuwa amemwita jiwe la kusagia! Wazee wangedai mbuzi wa faini, na mbuzi hakuwa jambo; jambo lilikuwa Nyangi. Miaka yote ile ya kumwombea mama yake, na sasa mumewe ameufunga mlango kwa mikono yake mwenyewe.

Nyangi alikuja anakimbia, kibuyu cha maji kichwani, anaita kwa furaha. Kule mtoni wanawake walikuwa wamemwambia kwamba lori liligawanya watu. Wengine walikwenda Issenye, na wengine waliteremshwa hapa. "Baba Mogesi! Mama yuko hapa hapa! Nyumba yake ni ile ya..." Akaona beseni, akaona kuku, akaona miguu ya mumewe imetokeza nyuma ya kihenge. Nyangi hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili. Akaenda kusimama mlangoni.

"Mama," alisema, "amekukosea?"

Rubeni nyuma ya kihenge alisikia kuni zinalia motoni.

"Sauti yake niliijua alipopiga hodi," alisema bibi Ghati hatimaye. "Ningesema neno, angetoka mbio. Nami nilitaka kusikia hicho anachozunguka nacho duniani kila mwaka, kwangu hafiki." Alikohoa. "Nilifikiri anawaambia watu kwamba wataungua. Kumbe ananitaja mimi."

Nyangi alishika kibuyu kwa mikono miwili.

"Mwambie mume wako," alisema bibi, kwa utaratibu unaotakiwa, ingawa mume mwenyewe alikuwa nyuma ya ukuta wa udongo usiozidi upana wa kiganja, "mwambie wachungaji hawakuwa wawili, alikuwa mmoja, na hakukimbia, alikuwa na haraka."

"Mama anasema alikuwa mmoja," alisema Nyangi kuelekea kihenge.

"Nimesikia," kilisema kihenge.

"Mwambie ile asante imefika. Na hilo la kutokupiga, nilikuwa nalijua kwa kumwangalia mwanangu. Mwambie mbuzi atawapa wazee, hilo siwezi kumwondolea." Kisha akapunguza sauti. "Na mwambie sala hajaimaliza. Ameniacha katikati. Amalizie. Ila safari hii afumbe macho yote mawili."

Nyangi alifungua kinywa apeleke ujumbe, akashindwa. Haikuhitajika. Nyuma ya kihenge Rubeni alikuwa ameshapiga magoti kwenye makapi ya mtama, paji la uso limevimba, macho ameyafumba yote mpaka yakauma. Alisali kwa sauti ndogo ambayo Nkende hakuna aliyewahi kuisikia. Haikuwa na mifano, wala njia za dhahabu. Alimtaja Ghati kwa jina, kama kila jioni, kisha hakujua aseme nini zaidi, akakoma.

Nyangi alikuwa bado amesimama na kibuyu kichwani, maji yanamchuruzika begani.

Ndipo bibi Ghati, ambaye tangu siku ya harusi hakuwahi kumwambia mkwewe neno ila kwa kupitia kwa mtu, alisema kupitia ukutani, moja kwa moja, "Amina, mwanangu."