Mate Niliyoyapeleka Maabara

Jamani, hii naisimulia leo kwa sababu mambo yameisha salama, maana mwanzoni hata mke wangu nilimkataza kuitaja. Mimi ni fundi seremala, naishi Mikumi, na kikohozi kilinigandia hadi daktari akasema tuangalie kama mapafu yana seli za saratani. Nikapewa kikopo: asubuhi, kabla ya kula, nikohoe makohozi ya kifuani kabisa. Nikalala Kilosa kwa mama mkwe, karibu na hospitali.

Sasa niambieni, mkweo anafagia uani, tena chini ya dirisha lako, utaanzaje kukohoa makohozi kwa kishindo? Nikaona haya, nikatema mate kimya kimya, nikafunika (na kipande cha muhogo nilikuwa nimeshatafuna, msiniulize).

Siku ya majibu mama mkwe akang'ang'ania kunisindikiza. Dada wa maabara akampa shikamoo yake, kisha akaniambia taratibu kwamba sampuli haitoshi, hamna seli za mapafu, kuna za mdomo tu na chembe za muhogo. Mimi kwa hofu na kiherehere changu nikapandisha sauti, benchi zima likageuka.

"Dada, nimekohoa mpaka mbavu zimeuma!"

Mama mkwe akanitazama. "Mbona sikukusikia, baba? Nilikuwa hapo dirishani."

Watu wakacheka, nikatamani ardhi ipasuke. Yule dada hakucheka. Akaeleza kwamba zamani kila maabara iliandika majibu kivyake, hata mate yangeweza kuandikiwa "hakuna saratani", ila siku hizi wote wanafuata utaratibu mmoja, na cha kwanza ni kusema kama sampuli inatosha. Akanipa kikopo kingine.

Kesho yake alfajiri mama mkwe mwenyewe akanishika mabega. "Kohoa, baba. Sitaki binti yangu awe mjane kwa ajili ya haya zako." Nikakohoa, majirani wakaamka.

Safari hii sampuli ilitosha, na seli za saratani hazikuonekana. Daktari akalinganisha na picha ya kifua, akasema ni vumbi la mbao, nivae barakoa kazini. Nikakaa sakafuni palepale nikalia, na mama mkwe naye analia, wala sikujali nani anatuangalia. Ningeandikiwa kwa mtindo wa zamani, ningerudi Mikumi nashangilia mate, na kifua changu hakuna aliyekiangalia. Sirudii tena. Nikiambiwa kohoa, nakohoa, hata mbele ya ukoo mzima wa mke wangu.