Mwanangwa wa Malkia

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nafundisha Historia na Uraia katika sekondari moja karibu na Kahama, na sikuwa na utulivu hata kidogo. Somo la wiki lilikuwa Gavana Mkuu, yule aliyemwakilisha Malkia wa Uingereza hapa kwetu baada ya Uhuru, kabla hatujawa jamhuri. Wanafunzi walinikodolea macho. Malkia yuko mbali, bunge lipo, waziri mkuu yupo; huyu mtu mwingine wa nini? Nikawaambia: ni mwanangwa wa Malkia. Darasa zima likacheka, likaelewa. Watoto wa Kisukuma wamesikia nyumbani kwamba ntemi, mtawala wao wa jadi, hakuweza kuwa kila mahali, ndiyo maana kijiji kilikuwa na mwanangwa, aliyewekwa na ntemi na kusema kwa jina lake.

Baba yangu alikuwa mwanangwa wa mwisho wa kijiji chetu, upande wa Buzwagi. Alishika kazi hiyo misimu miwili tu, serikali ikafuta utemi. Miaka thelathini baadaye bado alinuna ukimsalimia umekaa. Nilimpenda, lakini alinichosha.

Jumamosi nilipofika nyumbani nilikuta uwanja umejaa akina mama. Mwenyekiti wa kijiji, aliyechaguliwa kwa kura, alikuwa amewaahidi wachimbaji wa dhahabu ngitili yetu, yale malisho tunayoyafunga masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Jumatatu wangeanza kuchimba maduara, yale mashimo yao marefu. Ili kumtoa mwenyekiti, lazima uitishwe mkutano, na wa kuitisha mkutano ni mwenyekiti mwenyewe. Naye hataki. Ilikuwa kesi ya ngedere kupelekewa nyani.

"Itisha wewe, baba," wale akina mama wakamwambia.

"Kwa jina la nani?" akauliza, lakini nilimwona, macho yake yalishaanza kutafuta koti lake la umwanangwa. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia mbele za watu kwamba atafungwa, na kwamba utemi ulishakufa zamani.

"Na ng'ombe je, wamekufa?" akanijibu.

Jumapili, ibada ilipokwisha, watu walifurika kwenye uwanja wa shule ya msingi. Baba akasimama juani na koti lake zito, akasema hana uwezo wa kumtoa mtu yeyote; yeye ameita tu, wa kuamua ni wao. Nilishangaa. Ndiyo maneno niliyokuwa nimeandika ubaoni wiki ile kuhusu Gavana Mkuu, kwamba huliita bunge lakini haliamulii, na mzee huyu hajawahi kukanyaga darasa langu. Niliona fahari, na fahari ile ikanizidishia hofu.

Mikono ilikuwa inaanza kunyanyuka pale mtendaji wa kijiji alipofika. Huyu hakuchaguliwa na mtu. Aliletwa na serikali. Aliinama kwa adabu zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Umetumwa na nani kuitisha mkutano?"

Ntemi aliyekuwa akimtuma baba alikuwa kaburini siku nyingi. Baba akageuka akanitazama mimi, msomi wa familia. Jibu nilikuwa nalo, tena fupi kabisa: ametumwa na hawa. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kulisema, mtendaji naye akanigeukia.

"Na wewe, mwalimu, mtumishi wa serikali. Upo hapa kama nani?"

"Nimekuja kumwangalia baba tu," nikasema.

Nilijichukia kabla sijafunga mdomo. Mikono ikashuka mmoja mmoja. Watu wakaanza kuondoka, wengine wakisingizia ng'ombe, wengine bila kusingizia chochote, na mtendaji akawasindikiza kwa macho mpaka na yeye akaenda zake. Baba akabaki amesimama peke yake katikati ya uwanja. Enzi zao mwanangwa haketi mpaka mkutano ufungwe.

"Baba, twende nyumbani."

"Nani ameufunga?"

Nilitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Mimi," nikasema. "Nimeufunga mimi."

Akaketi chini, palepale vumbini.